Mshono wa Kwapani

Mtu yeyote aliyemtafuta Mwanahamisi binti Feruzi katika mitaa ya Kabondo hakuhitaji kuuliza mara mbili. Angesikia cherehani kwanza, halafu angesikia mdomo wake. Alikuwa wa familia ya zamani ya Waislamu wa Kisangani, wale ambao babu zao walifika na misafara ya biashara, na hakuacha mteja aondoke bila kumkumbusha hilo. Mume wake Nassoro, seremala mpole mwenye vumbi la mbao masikioni, alikuwa akiwaambia majirani kwamba yeye hakuoa mke, alioa redio. Alilisema kwa mapenzi, na kila mtu alijua.

Miaka ile serikali ilipokataza majina ya ubatizo na kutuamuru sote tuitane citoyen na citoyenne, yaani raia, Mwanahamisi alikatwa titi la kulia katika hospitali moja ya mjini. Redio ilizimika. Alilala akitazama ukuta, na pengine angeendelea kuutazama kama asingewekwa karibu na kitanda cha Pélagie.

Pélagie alitoka pande za Kindu, akauza samaki wa moshi sokoni, na mume alikuwa amemwacha kabla hata ya ugonjwa. Yeye alikatwa la kushoto. Siku mbili za kwanza alilia kama watu wote, kisha asubuhi moja akainua shuka, akajitazama, akamgeukia jirani yake na kumwita yaya, yaani dada, kama wanavyosema kwao.

"Yaya, weye walikata kuume, miye kushoto. Tukijiunga tunatosha mwanamuke moja muzima."

Mwanahamisi alicheka mpaka nyuzi za kidonda zikamvuta, na muuguzi akaja mbio kuuliza nani anakufa. Tangu hapo wakawa ndugu. Mmoja alikula na mkono wa kulia, mwingine akamshikia sahani. Mmoja aliswali, mwingine akapiga ishara ya msalaba, na pondu, kisamvu cha kwao, waliyoletewa na Nassoro wakaimaliza pamoja.

Siku ya kutoka, daktari aliyewapasua alikuja kuwaaga. Jina lake lilikuwa Hilaire. Makaratasi ya serikali yalikuwa yamekwisha kumpa jina jingine, refu, lakini wagonjwa hawakuwa na nafasi ya kujifunza majina mapya. Alikuwa kijana bado, mwenye mikono mizuri na macho ya mtu asiyelala vya kutosha.

"Bamama, mumepona," aliwaambia. "Mukisikia maumivu, murudie. Kama hakuna maumivu, mukae kwenu, mulishe batoto."

Basi. Hayo ndiyo yaliyokuwa matunzo yote baada ya kisu. Hospitali haikuwa na neno jingine la kuwapa watu waliokwisha kupona, na nikikumbuka jinsi wanawake wale walivyolipokea neno hilo kwa mikono miwili, wakalipeleka nyumbani kama zawadi, bado nakasirika.

Nje ya lango, shangazi yake Mwanahamisi alikuwa anangoja. Katika ukoo wao, aliyetoka hospitalini hapitii kwanza nyumbani. Hupelekwa mtoni, nguo aliyougua nayo hutupwa majini, naye huondoka bila kugeuka nyuma, ili ugonjwa usimfuate na yeye asiufuate. Pélagie hakuwa na shangazi mjini, kwa hiyo akapewa yule yule. Wakashuka wote hadi ukingo wa mto Tshopo, chini kule maji yanakovuma, wakatupa vitenge vyao. Mwanahamisi akaondoka ameikaza shingo. Pélagie akageuka.

"Yesu wangu! Ile kitenge ilikuwa bado mupya!"

Shangazi alimkemea njia nzima. Wao wawili walicheka njia nzima.

Nyumbani kicheko kilikwisha. Mwanahamisi hakutaka kutoka barazani. Blauzi zake zote, alizozishona mwenyewe kwa vipimo vyake mwenyewe, sasa zilimwangusha upande mmoja, na aliona macho ya watu yanakoishia.  Jioni moja Nassoro alirudi kutoka njia ya Masako na gunia la sufi begani, akaliweka miguuni pa cherehani, akaenda kunawa. Mwanahamisi alilitazama gunia lile kwa muda. Kisha akachukua mkasi.

Sidiria aliyoishona ilikuwa na mfuko upande wa kulia, umejazwa sufi na kutiliwa kifungo kizito katikati ili usipande. Alipoivaa, blauzi ikakaa. Siku iliyofuata alimshonea Pélagie, wa kushoto, na Pélagie akatembea barazani huku na huku akiwa na beseni tupu kichwani, akijipitisha mbele ya Nassoro aliyejifanya haoni.

Habari ya namna hiyo haina haja ya kutangazwa. Wanawake wakaanza kuja kwa mlango wa uani, wamejifunika, kutoka Mangobo, kutoka mtaa wa Tshopo, wengine wakavuka mto kutoka Lubunga. Mwanahamisi aliwapokea wote kwa matusi madogo madogo ya kuwatoa aibu, akafunga mlango. Hakupima kwa utepe. Alifumba macho, akapitisha vidole vyake juu ya kovu, taratibu, kutoka kifuani hadi chini ya mkono, ajue wapi ngozi imekaza na wapi mshono ukipita utachuna. Mikono ile ndiyo iliyokuwa mikono ya kwanza kuyagusa makovu yale tangu nyuzi zitolewe. Waume wengi hawakuthubutu. Hospitali haikuwahi kuomba.

Mwaka ukapita, na zaidi. Siku moja ya kiangazi Pélagie aliingia akiwa na harufu yake ya moshi na samaki, akavua blauzi bila kungoja mlango ufungwe.

"Yaya, hapa mushono iko nanikata. Wakati niko nabeba beseni, naona inanikata kwa kwapa."

Mwanahamisi akafumba macho, akapitisha vidole. Karibu na kwapa vidole vikasimama.

"Hii iko nini?"

"Wapi?"

"Hapa. Kitu kidogo, sawa na mbegu ya muchele."

Pélagie akajipapasa. "Aa. Sijue. Haiumi."

"Haiumi kabisa?"

"Kabisa. Finya, utaona."

Mwanahamisi akafinya. Pélagie hakukunja hata uso.

"Enda uwaonyeshe kule," Mwanahamisi akasema. "Kesho."

Kumbukeni hilo, kwa maana yeye mwenyewe baadaye alilisahau: alimwambia aende. Na Pélagie akaenda. Aliacha samaki wake kwa jirani sokoni, akapita njia ile inayopakana na chumba cha maiti ambako daima kuna watu wanaoimba, akakaa kwenye benchi pamoja na watoto wenye homa na mtu aliyeanguka kutoka kwenye mchikichi. Ilipofika zamu yake, muuguzi wa mlangoni, Timothée, akamtazama.

"Citoyenne, unaumwa wapi?"

"Siumwe. Nilikatwa hapa zamani. Sasa kuko kitu kidogo."

"Iko nauma?"

"Hapana."

"Homa?"

"Hapana."

"Alors? Uko natafuta nini hapa? Docteur alisema nini?"

"Alisema nikisikia maumivu, nirudie."

"Bon. Hauna maumivu. Rudia kwako, mama, ushukuru Mungu. Angalia hii banc."

Timothée hakuwa mtu mbaya. Benchi lilikuwa limejaa kweli, na amri aliyopewa ndiyo aliyoitoa. Pélagie alirudi Kabondo kwa Mwanahamisi na kwanga mbili, mikate ya mhogo, na kicheko.

"Wamesema niko muzima kupita batu bote!"

Na moyo wa Mwanahamisi, ambao ulikuwa umekaa juu tangu asubuhi, ukashuka mahali pake. Watu waliosoma walikuwa wamesema. Akaichukua ile sidiria, akafumua mshono wa kwapani, akaulegeza kiasi cha upana wa ukucha, akatia kipande cha kitambaa laini kwa ndani. Pélagie akaivaa. Akainua mkono, akaushusha, akauinua tena.

"Sasa haiumi hata kidogo. Yaya, mikono yako ni dawa."

Mvua zilipoanza, Pélagie akaja tena. Mshono ulikuwa unamgusa upya. Mbegu ya mchele ilikuwa imekuwa karanga. Mwanahamisi akauliza kama inauma, Pélagie akasema inauma mshono ukiigusa tu, mshono usipogusa hakuna kitu. Basi mshono ukalegezwa. Baada ya Noeli akaja tena, na ukalegezwa tena. Kila mara fundi aliuliza lile lile ambalo hospitali ilikuwa imeuliza, na kila mara alilegeza, kwa upole wote aliokuwa nao, ili ndugu yake asiumie.

Siku Pélagie alipoumia, aliumia sokoni, mbele ya watu. Mkono wa kushoto ulikuwa umemvimba kuanzia begani hadi vidoleni. Aliuinua kushika beseni, akapiga kelele, na samaki wakatapakaa matopeni. Wanawake wa soko wakaja kumwita Mwanahamisi, akatoka na uzi bado mdomoni. Akamshika ndugu yake upande mzima, wakapita njia ya chumba cha maiti, na safari hii Timothée hakuuliza swali.

Daktari Hilaire aliwafungulia mwenyewe. Akafunua kwapa. Akagusa shingo, akagusa tumbo chini ya mbavu.

"Mama Pélagie. Kwa nini haukurudia?"

Pélagie alimtazama kwa mshangao wa kweli, mtu aliyefanya kila alichoambiwa.

"Docteur, ulisema nikisikia maumivu. Nimesikia leo."

Daktari akaenda kwenye karai la maji akanawa mikono. Akanawa tena. Barazani, alipokuwa peke yake na Mwanahamisi, alisema bila kumtazama machoni.

"Kama ingeletwa wakati iko kidogo, ningeikata. Kazi ya asubuhi moja. Sasa imeingia ndani."

"Wakati iko kidogo haikuwa nauma," Mwanahamisi akasema.

"Najua. Kwa mwanzo haiumake. Ile ndio ubaya yake."

Alijua. Alikuwa anajua siku zote, alisoma hivyo Kinshasa. Lakini kuna watu wengi sana na benchi moja, na neno linalomwondoa mtu kitandani kwa amani ni neno zuri, na mtu hulirudia mpaka anasahau kulisikiliza. Sisemi hivyo kumtetea.

Pélagie alirudishwa nyumbani kwake Mangobo. Mwanahamisi alihamia kule na cherehani yake. Shangazi alikuja kumwona mgonjwa, akaketi, akasema kwa sauti ya chini kwamba siku ile mtoni alionya, yule aligeuka nyuma. Mwanahamisi akamwambia anyamaze au atoke. Hakuwahi kumjibu mkubwa hivyo maishani mwake.

Jioni moja, mvua ikinyesha, Pélagie alimshika mkono.

"Unishonee ingine, yaya. Ya mupya. Sitaki kufika kwa Yesu upande moja tu."

"Utaivaa kwa soko."

"Weye na uongo yako," Pélagie akasema, akatabasamu. Alfajiri alikuwa ameaga dunia.

Wanawake wa kanisa walikuja kumwosha na kuimba. Mwanahamisi, na mtandio wake kichwani, aliketi katikati yao na hakuna aliyemuuliza ni wa dini gani. Alikuwa na neno la kutimiza. Akachukua sidiria ya zamani aifumue ili imwongoze kukata mpya, akaipeleka mlangoni penye mwanga. Alipotoa uzi wa kwapani, akaona.

Kitambaa hakisahau sindano. Mshono wa kwanza ulikuwa umeacha mstari wake wa vitobo. Juu yake, mwingine. Juu yake, mwingine. Kila mstari ulikuwa nyuma ya ule wa kwanza, ukikimbia, ukiipisha ile karanga ikue. Aliitambua mikono yake katika kila kitobo. Hospitali ilisema maumivu ndiyo yangemrudisha Pélagie, na kila maumivu yalipogonga mlango, ni yeye aliyeyafukuza. Akakaa chini palepale mlangoni, na sauti iliyomtoka iliwanyamazisha waimbaji.

Alishona ile mpya. Pélagie alizikwa akiwa mzima pande zote mbili. Kisha Mwanahamisi akaenda hospitalini na sidiria ya zamani chini ya mtandio, akaiweka mezani kwa Daktari Hilaire.

"Docteur, miye ndio nilimuua. Angalia."

Akamwonyesha mistari, mmoja baada ya mwingine, akieleza ni wa kiangazi au wa mvua. Alitaka mtu amhukumu. Nassoro nyumbani alikuwa amekataa, alimkumbatia tu, na hilo halikutosha.

Daktari aliweka kidole chake juu ya mstari wa kwanza. Akauliza ulikuwa wa lini. Akaambiwa.

"Alikuja hapa ile siku?"

"Alikuja. Walimuuliza kama inauma. Alisema ukweli."

Daktari akaweka uso viganjani. Alilia bila sauti, kama wanavyolia watu waliozoea kazi ile, na Mwanahamisi aliyekuja kuhukumiwa akajikuta anamtafutia leso. Walipoweza kusema tena, walisema mambo machache. Kwamba lile neno halitasemwa tena hospitalini. Kwamba aliyekatwa atarudi mara kwa mara, aumwe asiumwe, na atafunuliwa na kuguswa na daktari mwenyewe, na Timothée hatamuuliza kitu mlangoni.

Wiki ya kwanza hakuja mtu. Wala ya pili. Daktari alikaa na kungoja. Wanawake walimwambia Mwanahamisi waziwazi: kuketi kwenye benchi lile mbele ya mji mzima, mtu atajulikana ni wa ugonjwa gani, na mume atasikia kabla hajafika nyumbani. Na wengine walikuwa wametupa nguo mtoni kama yeye, na kurudi kungekuwa kuufuata ugonjwa.

Jawabu lilitoka mahali ambapo hakuna aliyepapenda. Kila Jumamosi ilikuwa salongo, kazi ya lazima ya umma, na citoyen asiyeonekana na jembe au ufagio alitafutwa na watu wa chama tawala. Mwanahamisi akawazungukia wote kwa mlango wa uani.

"Muje na ufagio. Tutafagia kiwanja ya hospitali. Nani atauliza mutu kwa nini iko nafanya salongo?"

Hakuna aliyeuliza. Jumamosi ikafika na wanawake wakaja, na fagio zao, wakasambaa kati ya majengo, wakatimua vumbi la kuridhisha chama chochote. Mmoja mmoja alisimamisha ufagio wake ukutani, akaingia kwa mlango wa nyuma, akafunuliwa na kuguswa, akatoka, akafagia tena. Mpita njia asingejua nani mgonjwa na nani mfagiaji. Mkuu wa mtaa alikuja siku moja akawasifu kwa hotuba, na walimpigia makofi kwa moyo mweupe. Walicheka hata walipofika nyumbani, na Mwanahamisi alicheka nao, na katikati ya kicheko alitafuta upande wa kushoto mtu wa kumtazama.

Wateja wake walianza kusema mkono umemharibika. Sidiria zake zilibana kwapani.

"Mama Mwanahamisi, hapa inanikaza."

"Niko najua. Wacha ikaze. Ikianza kukuchuna, siku ile ile uniambie."

Na aliyekuja kulalamika hakulegezewa. Alipewa ufagio.

Jumamosi moja ya mwanzo wa mvua, aliingia Zaina, mama kijana wa Lubunga, mtoto mgongoni. Alikaa ndani muda mrefu kuliko wengine. Mlango ulipofunguka, Daktari Hilaire mwenyewe alitoka nje, uso wake ukiwa na kitu ambacho hakikuonekana hapo kwa siku nyingi.

"Kuko kitu kidogo, kwapani. Haimuumi. Tutaikata Jumatatu. Iko bado mapema, bamama. Iko mapema!"

Wanawake wakapiga vigelegele, wakamzunguka Zaina, wakamchukua mtoto. Daktari alimtafuta Mwanahamisi kwa macho. Alimwita, akamwomba aweke kidole naye ajue. Mwanahamisi akafumba macho, akapitisha vidole kama alivyozoea, na karibu na kwapa vidole vikasimama. Ilikuwa mbegu ya mchele. Ilikuwa palepale ilipokuwa ya Pélagie, na kwa ukubwa uleule.

Alisema, "Alhamdulillah," na alikuwa anasema kweli. Akambusu Zaina kichwani. Halafu akatoka, akapita nyuma ya jengo ambako hakuna mtu, akaegemea ukuta na kumlilia Pélagie mpaka mwili ukamuuma wote. Wengine walimwita, kiwanja kilikuwa hakijaisha. Akajifuta kwa mtandio, akaokota ufagio, akarudi kufagia.